Wiki Moja ya Wamishonari na Meno Yetu ya Kahawia

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa, msomaji anayesafiri katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru hakosi kuwaona. Huwa wamejaa ndani ya basi la kukodi, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la kanisa lao mgongoni. Pale juu ya mteremko wanaposhuka kulitazama Bonde la Ufa, hupigana picha huku wakipakana mafuta ya kuzuia jua. Hao si watalii, ingawa siku yao ya mwisho watapelekwa kuwaona faru katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Ni wamishonari wa wiki moja.

Sisi wa Nakuru tumewazoea. Hupaka shule rangi, hujenga vyoo, hutibu wagonjwa chini ya hema, hufundisha watoto nyimbo, kisha Jumamosi wanaondoka. Wapo wanaowacheka na wapo wanaowasubiri mwaka mzima. Mimi nilipata kukaa nao kwa wiki moja, asubuhi hadi jioni, na tangu hapo nimekuwa mzito wa kucheka na mzito wa kusifu.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amewazika mkewe na mtoto wao mchanga. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika pwani mwaka 1895 akafa kwa homa Desemba 1896. Wenzake ndio waliohamia Kijabe mwaka 1903, kwenye ukingo huo huo ambapo mabasi ya siku hizi yanasimama, na hospitali iliyoanzishwa pale mwaka 1915 ingali inatibu watu. Unaweza kuwalaumu watu hao kwa mengi, kuanzia mashamba hadi majina yetu, lakini huwezi kusema walikuja kupita. Walikuja kukaa, na makaburi yao yapo.

Ndege ndiyo iliyobadilisha mambo. Siku hizi mtu aweza kutoka Marekani leo na kesho usiku akalala Nakuru, na wiki ya pili akawa ofisini kwake. Robert Wuthnow, msomi wa mambo ya jamii wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikadiria katikati ya miaka ya 2000 kwamba waumini watu wazima wapatao milioni 1.6 wa Marekani walikuwa wakienda nchi za nje kwa safari fupi za namna hii kila mwaka. Hao ni wengi kuliko watu wa miji yetu mingi ukiijumlisha pamoja.

Mwezi wa Agosti 2023 kanisa moja lililo upande wa Elementaita, mbali kidogo na lami, lilikuwa likitarajia wageni 14 na halikuwa na mkalimani. Rafiki yangu akanitajia kazi hiyo. Malipo yalikuwa shilingi 2,500 kwa siku na chakula cha mchana, nami kwa kuwa mwandishi wa kujitegemea hukosa makala mwezi mzima wakati mwingine, nikakubali bila kuuliza mengi. Katika kundi hilo kulikuwa na daktari wa meno aliyestaafu, wauguzi wawili, fundi mmoja wa ujenzi, na wengine wote walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wa miaka 19 na 20 ambao hawakuwahi kutoka kwao.

Jumatatu tulipofika saa moja asubuhi, foleni ilikuwa imeshazunguka kanisa. Wengine walikuwa wameondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kulikuwa na akina mama waliobeba watoto mgongoni, wazee waliokalia mawe, na vijana waliodai kuumwa lakini macho yao yakawa kwenye masanduku ya wageni. Daktari na wauguzi walionyesha leseni zao za muda kutoka Baraza la Madaktari na Baraza la Wauguzi, maana sheria ya Kenya hairuhusu mgeni kumshika mgonjwa bila hizo, halafu kazi ikaanza.

Nitasema nilichokiona, kizuri kwanza. Mzee mmoja alipimwa macho akapewa miwani ya kusomea. Akatoa Biblia ya Kikuyu mfukoni mwa koti, akaifungua, akanyamaza kwa muda mrefu. Muuguzi akadhani miwani haimfai. Kumbe mzee alikuwa anasoma tu. Alikuwa ameacha kusoma miaka sita iliyopita, akidhani ni uzee na hauna dawa. Akaondoka akisoma njiani, nusura aingie kwenye mtaro.

Kisha nyanya mmoja aliyekuwa na jino lililooza. Daktari akamwuliza, kupitia kwangu, kama angependa lijaribiwe kutibiwa au ling'olewe.

"Mwambie aling'oe, binti yangu," akanijibu. "Miaka mitatu tumelala kitanda kimoja mimi na hili jino, na halinipendi."

Akadungwa sindano ya ganzi, koleo likafanya kazi yake, na kwa dakika kumi tu taabu ya miaka mitatu ikaisha. Jino likishang'olewa limekwenda, na mzee mwenye miwani hahitaji kumwona tena aliyempa. Mambo ya namna hiyo wiki moja inayatosha kabisa, na anayedharau kazi hiyo hajawahi kukesha na jino.

Lakini mchana wa siku hiyo hiyo nilianza kuona upande wa pili. Mama mmoja wa makamo alipimwa presha ikawa 180 kwa 110. Muuguzi wa kigeni akashtuka, akampa tembe za siku 30, nami nikatafsiri: kimoja asubuhi kila siku, punguza chumvi, usiache kumeza hata ukijisikia vizuri. Mama akaitikia. Kisha akaniuliza mimi, si muuguzi, "Na siku ya 31?"

Nikalitafsiri swali hilo kama lilivyo. Muuguzi akanitazama, akatazama sanduku la dawa, akasema angewasiliana na hospitali ya karibu. Alisema kwa nia njema. Ila hakuijua hospitali ya karibu ni ipi.

Aliyelijibu swali hilo alikuja Jumanne. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya serikali iliyo umbali wa kilomita chache, kijana mpole aliyevalia sweta kuukuu, mkononi ana daftari la kurasa nene. Hakuja kulalamika kwamba wagonjwa wake wameibwa, jambo ambalo angeweza kulifanya. Alichotaka ni kitu kimoja: kila anayekutwa na presha au kisukari aandikwe jina, kijiji na dawa aliyopewa ndani ya daftari lake. Alisema, "Ninyi mtaondoka Jumamosi. Mimi niko hapa. Nipeni majina."

Ukweli ni kwamba viongozi wa wageni walikwisha kuandika yote hayo kwenye kompyuta, wakusudie kuyapeleka kwao katika ripoti. Hakuna aliyewaza kumwachia mtu nakala. Kwa sifa yao, walikubali papo hapo, na jioni ile wanafunzi wawili walikaa kwa taa ya sola wakinakili majina kwa mkono. Naomba msomaji aliye na kanisa linalokaribisha wageni kama hao asilipite jambo hili haraka haraka. Daftari la kijana yule lilikuwa na thamani kuliko masanduku mawili ya dawa.

Jumatano tukaenda shule ya msingi, na hapo mambo yakanigusa mwenyewe.

Kabla ya kuendelea, sina budi kueleza kuhusu meno yangu. Nilizaliwa na kulelewa Njoro, nikanywa maji ya kisima kirefu cha pampu hadi nilipokwenda chuo. Meno yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Ndugu zangu wote ni hivyo hivyo, na nusu ya darasa letu. Nyumbani hakuna aliyeyatazama mara mbili. Nilipofika Nairobi kusomea uandishi wa habari ndipo nilipojua nina ila. Mwalimu mmoja alinishauri kwa upole, kama anayempa mgonjwa habari mbaya, kwamba nisijisumbue na televisheni. Nichague gazeti au redio, kwani huko meno hayaonekani. Ndiyo maana unanisoma hapa, msomaji, badala ya kuniona saa moja jioni.

Basi tukaingia darasani. Wanafunzi wa gredi ya tano na ya sita walikuwa wamebanwa pamoja. Binti mmoja wa wageni, msichana mchangamfu mwenye roho safi, akasimama mbele na mfano mkubwa wa meno ya plastiki na mswaki wa kiasi cha mkono. Kila mtoto alikuwa amepewa mswaki na dawa ya meno. Akawaonyesha namna ya kupiga mswaki juu, chini, nyuma, watoto wakacheka na kufurahi. Halafu akatabasamu, akaonyesha meno yake meupe, akasema kwamba yeyote atakayepiga mswaki mara mbili kwa siku atakuwa na meno meupe kama hayo.

Walioelewa Kiingereza hawakungoja tafsiri. Niliona mikono ikipanda, mmoja baada ya mwingine, ikafunika midomo. Darasa zima.

Sikulitafsiri neno lile. Nikamgeukia binti nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba si kweli, na kwamba ningependa kuwaeleza watoto ukweli ikiwa ataniruhusu. Nikatabasamu makusudi ili aone. Akaona. Uso wake ukawa mwekundu, akaniachia nafasi.

Nikawaambia watoto: mswaki pigeni, kwa sababu jino chafu huoza na kuuma. Lakini rangi hiyo ya kahawia si uchafu, wala si uvivu wa mama zenu. Imeingia ndani ya jino kabla halijaota. Imetoka kwenye maji.

Jambo lenyewe ni hili. Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno. Menengai na Longonot ni mashahidi. Maji yanayopita ndani ya mawe yake huchukua madini yanayoitwa floraidi. Kidogo chake hulinda meno, ndiyo maana kimetiwa ndani ya dawa ya meno na kuandikwa kwenye boksi kwa fahari. Kikizidi hugeuka adui. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Nakuru, Njoro, Elementaita na Naivasha vimepita hapo, vingine mara kadhaa. Anayeumia ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Baadaye hata ukisugua kwa mchanga hayatakati. Wanaokunywa maji makali zaidi kwa miaka mingi huumia hata mifupa, viungo vikakakamaa. Na wazazi waelewe kwamba kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floraidi hubaki palepale na maji hupungua, kwa hiyo huzidi kukolea.

Daktari wa meno aliitwa kutoka hemani. Alikuwa ameyaona meno hayo siku mbili mfululizo na alijua ni nini, lakini hakuna aliyemwuliza. Akawasimulia watoto kisa ambacho mimi sikuwahi kukisikia. Mwaka 1901 daktari mmoja kijana, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wana mabaka ya kahawia kwenye meno. Ilisemekana ni nyama ya nguruwe, ama maziwa mabaya. McKay hakukubali. Akaendelea kuuliza na kuchunguza kwa miaka 30, hadi mwaka 1931 ilipogunduliwa kwamba ni floraidi iliyo majini. Ni ugunduzi huo uliofanya mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mwaka 1945, uanze kuongeza floraidi kidogo katika maji yake kwa sababu wao walikuwa na upungufu.

Watoto walitoa mikono midomoni. Kusikia kwamba Wazungu nao waliwahi kuwa na meno kama yao kulikuwa habari kubwa kuliko mswaki.

Kisha msichana mmoja wa gredi ya sita, mwembamba, aliyeketi karibu na dirisha, akanyanyua mkono. "Sasa tunywe nini?"

Si daktari, si binti, si mimi aliyekuwa na jibu la haraka. Mwalimu mkuu alikohoa, akasema muda umekwisha.

Lakini swali lile lilitufuata hadi kanisani. Jioni wageni walikuwa na kikao na wazee wa kanisa kuhusu kazi ya ujenzi, kwani fundi wao alikuwa amekuja na fedha za kutengeneza jukwaa jipya la saruji mbele ya madhabahu. Binti yule, ambaye hakula chakula cha jioni, akauliza kama maji ya mvua yana floraidi. Daktari akasema ni kidogo mno, hayadhuru. Sote tukatazama juu. Kanisa lina paa la mabati la mita 18 kwa 9, na halikuwa na mfereji hata mmoja. Kila mvua iliyonyesha juu ya paa hilo ilianguka chini, ikachimba handaki kuzunguka ukuta, ikaenda zake korongoni, huku watoto wa shule iliyo ng'ambo ya ua wakipiga pampu ya kisima.

Hesabu si ngumu, na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu waweza kuifanya: milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa hilo ni mita mraba 162. Hata mvua ikiwa milimita 700 tu kwa mwaka, ambayo si nyingi, yapatikana zaidi ya lita laki moja. Toa inayopotea, bado ni maji ya kuwanywesha watoto wote wa shule ile muhula kwa muhula, mradi pawe na pa kuyaweka.

Fundi akawauliza wazee kwa nini hawakuomba mifereji na tangi badala ya jukwaa. Wakatazamana. Mzee mmoja akacheka kidogo, akanijibu mimi kwa Kiswahili.

"Barua yao ilisema wanakuja kujenga jukwaa. Binti yangu, mtu akikuletea mbuzi, unamwambia ulitaka kondoo?"

Nikatafsiri neno kwa neno, mbuzi na kondoo wote. Kimya kikaingia. Kisha kiongozi wa wageni akauliza swali ambalo nadhani lilipaswa kuulizwa miezi sita kabla ya tikiti kununuliwa: "Ninyi mnataka nini?"

Kikao kiliendelea hadi saa nne usiku na hakikuwa kitamu wakati wote. Kuna aliyelitetea jukwaa kwa nguvu, kwani waliochanga kule ng'ambo waliahidiwa picha yake. Kuna mzee aliyekumbusha kwamba idara ya maji ya Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa iliyochomwa kwa hewa kidogo ikasagwa, ambayo hunasa floraidi maji yakipita. Mwingine akanung'unika, ati hiyo ni kazi ya dhehebu jingine. Mchungaji akamwuliza kama kisima nacho amekibatiza. Tukacheka, na kwa cheko hilo mambo yakalainika. Ikakubaliwa mifereji na tangi la lita 10,000 kwanza, na vichujio viulizwe baadaye kwa nyakati za kiangazi.

Alhamisi na Ijumaa vijana wa chuo kikuu na vijana wa kanisa walifunga mifereji pamoja, wakipokezana ngazi moja. Tangi likaja kwa lori kutoka mjini, tukasimama kulitazama kama bibi harusi. Hakuna tone lililoingia, kwani jua lilikuwa likiwaka. Jumamosi wageni wakaondoka bila kuona maji ndani yake. Binti yule alinikumbatia, akaniuliza kama watoto walimchukia. Nikamwambia watoto hawana muda huo.

Mei 2024 nilirudi, safari hii kwa nauli yangu. Mvua ya Aprili, ile iliyoleta maafa makubwa Mai Mahiu, ilikuwa imelijaza tangi likafurika. Kijana wa zahanati alinifungulia daftari lake: chini ya nusu ya walioandikwa kwa presha ndio waliokuwa wakirudi kuchukua dawa. Wengine alikuwa akiwatafuta kwa pikipiki siku ambazo petroli ilipatikana. Yule mama wa siku ya 31 alikuwa miongoni mwa wanaorudi. Vichujio havijapatikana, na kamati bado inavutana juu ya nani atalipa mkaa ukichoka.

Bomba la tangi lina kufuli, ufunguo uko kwa mwalimu. Watoto wa shule hunywa hapo, na kila Ijumaa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka minane huruhusiwa kuchota lita tano. Nilimkuta msichana yule mwembamba kwenye foleni na mtungi wake. Nikamsalimia, nikamwuliza kama maji ni matamu.

"Mimi sijui, siyanywi nyumbani," akasema. "Ni ya mdogo wangu. Ana miaka minne. Yake bado hayajaota."